Kambare wa Mizani Mbili

Mbololo ina sifa zake, na samaki hajawahi kuwa mojawapo. Tuna mlima, na juu ya mlima tuna msitu wenye ndege asiyepatikana popote duniani ila katika misitu michache ya Milima ya Taita. Wageni hutoka Ulaya na darubini zao kuja kumwangalia akichakura majani makavu. Tuna ndovu, ambao Tsavo hutuletea bila sisi kuagiza. Samaki yeye hufika Voi kwa gari, keshakaangwa, kalala kwenye beseni la mama wa stendi, na mambo yake ya kuogelea aliyamaliza Mombasa au Ziwa Jipe. Ndiyo maana mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alipotangaza wakati wa likizo kwamba anakwenda kuvua, dada yangu alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Silanga lenyewe liko chini ya shamba letu. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, ndovu wakajialika. Miaka ya ukame hubaki tope lililokauka na kupasuka, na watoto hulichezea kandanda. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zililijaza hadi ukingoni, na maji yalipotulia, kitu kikaanza kuishi mle: kiputo hapa, mkia pale, bata wa jirani akipiga kelele bila sababu.

Wametoka wapi? Mzee mmoja wa kwetu anashikilia kwamba samaki huanguka na mvua, na ukimbishia anakuuliza wewe ulikuwa umeamka saa ngapi mvua ikinyesha. Vijana wa bodaboda wanasema ni watoro wa yale mabwawa ya kufugia samaki ambayo serikali iliyachimba nchi nzima kuanzia 2009. Ukweli unachekesha kuliko hayo yote. Kambare hutembea. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa, basi usiku wa mvua hutoka majini, akajikokota kwa ile miba ya mapezi ya kifuani mpaka apate maji mengine. Mto Voi hushuka kutoka Milima ya Taita ukaingia kwenye bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 ndani ya Tsavo Mashariki, na kambare wamo. Makorongo yakifurika, kila korongo ni barabara.

Hapa humkumbuka Ewart Grogan, Mwingereza aliyekuja kujijengea kasri juu ya kilima kule Taveta, kaunti hii hii yetu. Mwaka 1905 bwana huyo aliagiza trauti kutoka Uskoti, wakavushwa bahari, wakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare ili waungwana wapate cha kuvua. Gharama yote ile! Kambare wetu alikuja kwa miguu, usiku, asimsumbue mtu hata kwa nauli.

Vifaa vya mpwa wangu vilitoka nyumbani, na havikuombwa. Ufito ulitoka kwenye ua wa kuku. Boya lilikuwa kipande cha kandambili ya nyanya yake, ya mguu wa kushoto. Chubwi ilikuwa nati ya pikipiki yangu, na hadi leo sijaambiwa ni nati ya wapi. Alichonunua Voi kwa pesa yake ni ndoano na mshipi tu. Chambo kilimtesa. Alianza na nyungunyungu, akapata chura. Akaweka ugali, akapata kobe, yule wa majini anayenuka. Akaweka utumbo wa kuku, akapata paka wetu, aliyemfuata toka jikoni.

Aliyemwokoa ni jirani mmoja mzaliwa wa Homa Bay, aliyeletwa Voi na kazi ya reli akaoa hapa hapa. Kwao kambare huitwa mumi, na mumi si mzaha. Alimwambia kijana aache kupoteza nyama: kambare haoni vizuri kwenye maji ya tope, hutafuta chakula kwa masharubu yake manane, naye hupenda harufu ya mafuta. Wavuvi wa Ziwa Victoria humtegea kwa sabuni ya kipande. Ndiyo, sabuni ya kufulia.

Dada yangu ndiye aliyegundua kwamba mche wake wa sabuni unaliwa. Kila asubuhi umepungua, tena kwa unadhifu, pembe baada ya pembe. Akaamua ni panya. Akanunua mtego, akautega kando ya karo, na mtego ukamnasa kidole shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kufua nguo tangu aoe na ambaye hakuweza kueleza alikuwa akitafuta nini kwenye karo saa nne usiku. Nyumba hiyo ilikuwa na amani kabla ya uvuvi.

Jioni ya tukio lenyewe jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima. Tunaoishi huku tunaijua saa hiyo: ni saa ya ndovu kushuka kunywa, na mtu mwenye akili huwa ameshafunga lango. Ghafla ikaja sauti kutoka silangani, sauti ya kijana ambayo bado haijaamua kama ni nene au nyembamba: "Dume! Jamani, dume! Ni kubwa! Linanivuta!"

Hakuna aliyeuliza dume la nini. Kwetu swali hilo halina haja. Kwa dakika chache Mbololo yote ilikuwa ikipiga kitu: sufuria, madebe, mabati, na mtu mmoja tarumbeta ya kanisa. Tochi ziliwaka mpaka juu mlimani. Mbwa waliotangulia kwa ushujaa walirudi kwa busara. Jirani yangu alibeba panga, mimi nikabeba mfuniko wa sufuria, na usiniulize ndovu na mfuniko wapi na wapi. Naibu wa chifu alikuwa ameshapiga simu kwa watu wa wanyamapori na kuwaambia kwamba ndovu amemshika mtoto na anamvuta majini.

Tulimkuta kijana amezama kwenye tope hadi magotini, mshipi umezungushiwa mkononi, ufito umevunjika, na mbele yake kichwa kipana cheusi kinafungua mdomo na kufunga. Kimya kilichofuata kilikuwa na hasira kidogo. Watu walikuwa wametoka wakiwa tayari kwa ndovu, na ndovu hakuwepo. Mzee wa samaki-wa-mvua ndiye aliyetuokoa na aibu: aliingia majini na kanzu yake, akalikumbatia dume, likamchoma na mwiba wa pezi, akalikumbatia tena. Walipolitoa, mkia wake uliburuta chini huku kichwa kikiwa kwenye nyonga ya kijana. Naibu wa chifu alisogea pembeni, akapiga simu ya pili, na kwa jinsi alivyokuwa akijikuna shingo nilijua upande wa pili wanacheka.

Hapo ndipo mpwa wangu aliposema jambo ambalo ukoo bado haujamsamehe. Alisema tumpige samaki picha, kisha tumrudishe.

Wazo hilo alilitoa kwenye simu, kwenye video za Wisconsin kule Marekani. Huko wana samaki wao aitwaye musky, mrefu, mwembamba, mwenye meno ya mamba na hulka ya mdeni: husemwa kwamba utatupa ndoano mara elfu kumi kabla hajakubali kukutana nawe. Mtu hununua mashua, huacha kazi, hugombana na mkewe, na siku anapompata anampima kwa futi, anapigwa naye picha, anambusu, anamwachia. Kijana alitueleza haya kwa heshima kubwa, tope likimchuruzika. Mama yangu, nyanya yake, alimsikiliza hadi mwisho. "Na hao wazungu, baba," akamwuliza kwa upole, "huyo samaki amewakosea nini hata wamnyime sufuria?"

Kambare akaletwa nyumbani. Kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia na hakuna aliyetaka kumpasua kwa mwanga wa tochi, aliwekwa kwenye karai lenye maji jikoni, mkia ukining'inia nje. Nimeshaeleza kwamba kambare hutembea. Ajabu ni kwamba wote tuliolijua hilo tulilala.

Mama yangu huamka alfajiri kusali. Safari hii alikutana na kitu njiani, katikati ya ukumbi, chenye masharubu, kikielekea mlangoni na kikivuta pumzi. Nimemsikia mama akimkemea shetani mara kadhaa, lakini sijawahi kusikia akimkemea kwa Kidawida, Kiswahili na Kiingereza cha kanisa katika pumzi moja. Shetani hakutishika. Aliendelea kujikokota hadi kwenye mtungi, akapumzika.

Asubuhi likaja suala la uzito, na hapa ndipo ukoo ulipogawanyika. Mizani kubwa ya karibu ni ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Alimtundika kambare kwenye kulabu, akakunja uso kwa mazoea, akasema kilo tisa. Tisa! Mjomba mwingine wa kijana akakataa, akambeba samaki kwa pikipiki hadi kwa mwenye bucha, aliyempima akatangaza kumi na tatu. Samaki ni yule yule, asubuhi ni ile ile. Ukitaka kujua kwa nini, jiulize kati ya hao wawili nani hununua kwa mizani yake na nani huuza. Mimi nashikilia kumi na moja, kwa amani, na sina rafiki upande wowote.

Wala tusijione wa ajabu. Mwaka 1949, karibu na mji mdogo wa Hayward huko huko Wisconsin, Cal Johnson alivua musky wa kilo 30.6. Miezi michache baadaye, jirani na hapo, Louis Spray akaja na wake wa kilo 31.6. Mpaka leo chama cha kimataifa cha rekodi za uvuvi kinamtambua Johnson, na makumbusho ya uvuvi ya Hayward yanamtambua Spray. Makumbusho hayo yana jengo lenye umbo la musky, na wageni hupanda ngazi wakasimama mdomoni mwake kutazama mji. Kilo moja tu, na miaka zaidi ya sabini ya ugomvi! Sisi tuna tofauti ya kilo nne, tena hatuna hata jengo.

Ushahidi uliobaki ni picha. Kijana alijua ile hila ya wavuvi wote duniani: unanyoosha mikono mbele, samaki anaikaribia kamera, wewe unabaki nyuma. Bahati mbaya wajomba waliingia pichani, kisha mzee mwenye bandeji, kisha naibu wa chifu akiwa na kofia rasmi. Mvuvi anaonekana sikio.

Jirani wa Homa Bay ndiye aliyempika, kwa nyanya na bizari, kwa kuwa shangazi zetu walikataa kushika samaki asiye na magamba halafu ana ndevu. Hao hao waliokataa ndio waliokwangua sufuria.

Sasa kila mtoto wa Mbololo ana ndoano. Jumamosi mwenye duka alitangaza kwamba sabuni ya kipande imekwisha, nyingine ni Jumatatu, na povu limeanza kuonekana ukingoni mwa silanga, pale ng'ombe wanapoinamisha vichwa na kuinua wakitutazama. Dada yangu ameifungia sabuni yake kwenye kasha pamoja na hati ya shamba. Jana usiku mpwa wangu alinipigia simu, sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili.

"Shikamoo, Mjomba. Ile sabuni yako ya kunyolea ndevu, imetengenezwa kwa mafuta gani?"