Sifa za Tope la Yahuma

Desturi ya kusifu visivyosifika ni kongwe. Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa kamili, na Erasmus wa Rotterdam alichapisha mwaka 1511 kitabu kizima ambamo Upumbavu wenyewe unapanda jukwaani kujisifu. Tope la Tshopo, huko Kongo, halijapata heshima ya namna hiyo, ingawa nzi hajawahi kumfundisha mtu kuendesha baiskeli, na upumbavu, ambao kwa kweli huwapandisha wengi juu ya baiskeli wakati wa mvua, huwaacha huko huko bila msaada. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba tope, licha ya jina baya lililopewa na madereva wa malori, ndilo fundi mkuu wa kuiandaa baiskeli na mwendeshaji wake kwa majira magumu, na kwamba kazi hiyo hulifanya bila malipo.

Yahuma ni teritori, yaani sehemu ya utawala iliyo chini ya jimbo, kusini mwa mto Kongo katika jimbo la Tshopo, ambalo lilipatikana mwaka 2015 Jimbo la Mashariki la zamani lilipogawanywa. Mwenye kutoka Kisangani, makao makuu ya jimbo, huteremka na mto hadi Isangi, pale Lomami inapomwagika katika Kongo, au huvuka mpaka Lubunga, ukingo wa kushoto, akashika njia za msituni. Ikweta iko karibu, mvua ya Kisangani hupita milimita 1,600 kwa mwaka, na hakuna mwezi ulio mkavu kabisa. Kwa hiyo kinachoitwa kiangazi huko ni muda ambao tope hupumzika kidogo.

Ubora wa tope hilo unatokana na mfinyanzi, yaani udongo ambao chembe zake ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita. Chembe hizo zina umbo la vibamba, na maji yakipenya kati yake vibamba huteleza kimoja juu ya kingine, huku utando ule ule wa maji ukivinatisha kwenye chochote kinachopita. Mwaka 1911 Albert Atterberg, mkemia wa Uswidi, alipendekeza mipaka ya kupimia hali hiyo: wa chini, ambapo udongo huacha kumeguka na kuanza kufinyangika, na wa juu, ambapo huacha kufinyangika na kuanza kutiririka. Udongo ulio chini ya mpaka wa kwanza hauna cha kutoa ila vumbi, na uliovuka mpaka wa pili hujitoa wenyewe kwenye gurudumu. Fadhila zote zinazoelezwa hapa zimo kati ya mipaka hiyo miwili. Nayo mvua ya Tshopo, ambayo hunyesha ikakatika, kisha hunyesha tena kabla jua halijamaliza kazi, hulitunza tope papo hapo kwa uangalifu ambao idara chache za serikali zinaweza kujivunia.

Ili sifa hizi zisionekane za upendeleo, inafaa kuitazama theluji, mshindani wake wa nchi za baridi. Huko wapo watu wanaoendesha baiskeli ya gurudumu moja, chombo kisicho na usukani, ambacho kwa kawaida pedeli zake zimefungwa kwenye ekseli kiasi kwamba gurudumu haliwezi kuzunguka bila miguu kuzunguka pamoja nalo. Anayetaka kukipanda wakati wa baridi kali hulazimika kuongeza vitu: tairi pana lililopunguzwa upepo ili likanyage eneo kubwa zaidi, au tairi lenye vijipini vya chuma vya kuuma barafu, glavu nene, kwa kuwa aangukaye hutanguliza mikono, vikinga vya magoti, nguo tabaka juu ya tabaka, na taa, maana jua huzama mapema. Kisha manispaa humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula vyuma vya chombo hicho, navyo hununuliwa upya. Theluji, kwa kweli, ni mshirika wa wenye maduka.

Tope haliuzi kitu, bali huondoa. Madigadi, vile vibati vinavyofunika magurudumu ili yasirushe uchafu, ndiyo ya kwanza kwenda, kwa sababu mfinyanzi hujaa kati yake na tairi mpaka gurudumu likagoma. Mwenye hekima huyafungua nyumbani, na asiye na hekima huyang'oa njiani. Kifuniko cha mnyororo hufuata, halafu kengele, ambayo haina wa kumlilia. Tairi lenye vinundu, ambalo mgeni huja nalo akilitegemea, hujaa udongo baada ya hatua chache likawa laini kuliko kipara, ilhali tairi jembamba hupasua tope hadi kugusa ardhi ngumu chini yake. Mwendeshaji naye hupunguzwa vivyo hivyo: viatu huning'inizwa kwenye usukani, suruali hukunjwa mpaka magotini, na haraka aliyotoka nayo mjini huachwa kwenye kilima cha kwanza. Hatimaye, gurudumu la nyuma linapokwama kabisa, mwenye baiskeli huinua sehemu ya nyuma kwa mkono mmoja, akashika usukani kwa mwingine, na kusonga mbele kwa gurudumu la mbele peke yake. Hivyo kile ambacho watu wa nchi za theluji hukinunua kwa fedha nyingi na kujifunza kwa kuanguka sana, tope la Yahuma humpa yeyote, hata asiyeomba.

Vitu vichache ambavyo tope hukubali viongezwe ni vya msituni na vya jalalani. Kijiti cha kukwangulia hukaa tayari kwenye fremu. Mpira wa ndani uliochakaa hukatwa vipande virefu vya kufungia mzigo, na turubai hufunika magunia huku mwenyewe akilowa, mpangilio unaoonyesha wazi kipi kina thamani. Aliyekosa oili hupaka mnyororo mawese. Mzigo ukizidi, hakuna tena kupanda: fimbo ndefu hufungwa kwenye usukani ili mtu aweze kuuelekeza akiwa pembeni, na nyingine husimamishwa nyuma ya kiti kwa ajili ya kusukumia. Ufundi wa namna hiyo ndio uliowawezesha wapagazi wa Vietnam kufikisha chakula na risasi Dien Bien Phu mwaka 1954, kila baiskeli ikibeba kilo 200 na zaidi, kwa hiyo anayesukuma magunia kutoka Yahuma yumo katika ukoo wenye historia.

Tope pia lina uadilifu. Tangu zama za ukoloni barabara za udongo za Kongo zimewekewa vizuizi vya mvua, yaani miti inayoshushwa njiani mvua inyeshapo ili malori yasubiri ardhi ikauke na yasiichimbue. Kizuizi kinaweza kufunguliwa kwa mazungumzo. Tope haliongei na mtu. Lori lenye magurudumu kumi huzama na mkubwa aliyeketi mbele hushuka mwenyewe, na mwenye baiskeli hupita ukingoni akisalimia kwa heshima zote.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo msifu hawezi kuliruka. Baada ya John Boyd Dunlop kubuni mjini Belfast, mwaka 1888, tairi la upepo lililofaa baiskeli, Ulaya ilishikwa na kiu ya mpira, na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, mpaka ilipokabidhiwa Ubelgiji mwaka 1908, iliwalazimisha watu wa misitu hii kugema utomvu wa mitambaazi kwa viboko, mateka na mauaji. Watu hao walilikimbilia tope la vinamasi lilipokuwa mahali pekee pa kujificha, na sifa hiyo haina mzaha.

Mjini Kisangani, wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, mto ulipofungwa na petroli ikaadimika, usafiri ulishikwa na toleka, yaani baiskeli za kubebea abiria kwa malipo, zenye mto wa kukalia juu ya keria. Amani iliporudi zikaja pikipiki, na mitaani toleka zikarudi nyuma. Katika njia za Yahuma tope limesimama upande wa baiskeli: pikipiki yenye kilo zaidi ya 100 ikizama huhitaji watu kadhaa kuinasua, ilhali baiskeli ya kilo 20 hubebwa begani na mwenyewe, kisha akaurudia mzigo. Mtu huyo hufika na chumvi na sabuni zake akiwa amechelewa siku mbili, na kukuta bei imepanda kwa sababu lori bado limelala njiani. Wanunuzi wa chumvi hiyo hawajaombwa maoni yao kuhusu sifa hizi.