Bado Mbichi Hii, Mzee

Ubahili nauvumilia, kwa sababu na mimi ni bahili. Kwangu kipande cha sabuni kikibaki hubandikwa kwenye sabuni mpya, na hakuna aliyewahi kulalamika, angalau si mbele yangu. Kwa hiyo ukinisikia mimi nikimlalamikia mtu kwa kubana matumizi, ujue jambo limezidi.

Jambo lenyewe ni pesti ya prosesa. Kwa asiyeijua: ndani ya kompyuta ya mezani kuna prosesa, na juu yake imekaa hitsinki, lile pande la alumini lenye mapezi na feni kichwani. Kati ya viwili hivyo hupakwa ute wa kijivu au mweupe, ambao ukigusa shati hautoki mpaka shati lenyewe litoke. Huo ndio pesti. Hitsinki ikifunguliwa, pesti ya zamani inafutwa, mpya inawekwa. Somo zima ni hilo, wala halina mtihani. Sasa mtafute fundi anayelifuata.

Kompyuta yangu ilianza kuvuma. Nikiandika inavuma, nikiacha kuandika inavuma kwa kunisubiri. Nikaibeba mpaka Kariakoo kwa kijana mmoja mwenye bloa, bisibisi za sumaku na maneno mengi. Akapuliza vumbi, na hapo nampa haki yake, maana udongo uliotoka ungetosha kupandia mchicha. Kisha akafungua hitsinki. Pesti ilikuwa imekauka na kugawanyika, nusu huku nusu kule. Akaitazama, akaikusanya kwa kidole, kidole kile kile kilichotoka kushika sambusa, akairudisha katikati ya prosesa na kuipapasa.

"Fundi, huweki mpya?"

"Ya nini mzee wangu? Bado mbichi hii."

"Mbichi gani, mbona inamomonyoka?"

"Hapo ndiyo imekolea, mzee. Halafu haijaenda popote. Imetoka hapa, imerudi hapa."

Nilitamani kumjibu, lakini nyuma yangu walikuwa wamejaa wateja wenye laptopu makwapani. Acha nimjibu hapa, ambapo hawezi kunikatisha.

Uso wa prosesa na uso wa hitsinki ukivitazama utasema vimenyooka. Havijanyooka. Vina mikwaruzo na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na humo hukaa hewa, na hewa kwa kupitisha joto ni mvivu wa kutupwa. Wenye vipimo vyao hupima kwa wati kwa kila mita kwa kila digrii: shaba inakaribia 400, alumini inapita 200, hewa haifiki hata 0.03. Pesti ya kawaida iko kwenye 4, 5, labda 8. Yaani pesti yenyewe si bingwa wa chochote. Imeajiriwa kuifukuza hewa tu, ndiyo maana huwekwa kidogo na kubanwa mpaka iwe utando mwembamba. Ukiinua hitsinki, utando ule unachanika na kubaki vilima vilima. Ukifunika tena, umeifungia ndani hewa ile ile iliyopaswa kufukuzwa. Na kama pesti imekaa miaka, mafuta yake yamekwisha kujitenga, umebaki unga. Plasta ya kidonda ikibanduliwa hairudishwi, hata kama pembeni bado inanata.

Mafundi wanasalimika kwa sababu prosesa za siku hizi zina uvumilivu. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 2001 watu wa tovuti ya Tom's Hardware walirekodi video wakizing'oa hitsinki huku mashine zikiwa kazini: Pentium 4 ya Intel ikapunguza mwendo na kuendelea, Athlon ya AMD ikaungua. Leo kinga imeenea. Nyingi za Intel zikifika digrii 100 hivi hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi hapo mashine hujizima. Kwa hiyo hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna ushahidi. Mteja anarudi kwake na kompyuta inayojikongoja, anadhani ni uzee.

Kijana akawasha yangu. Ikavuma vile vile. Akainamisha sikio, akatafakari, akatoa hukumu: "Mzee, feni imechoka hii. Kuna kubwa hapa, nikufungie?"

Mtu ameniokolea tone la pesti, sasa ananiuzia feni! Sirinji ya gramu 4 inatosha prosesa kadhaa, na ile ya kawaida hainishindi mimi mla chipsi mayai na soda.

Nisimwonee peke yake. Wapo wa dawa ya meno, ambayo hupoza kwa muda mpaka maji yake yakauke, kisha unabaki na prosesa yenye harufu ya mnanaa. Wapo wanaomimina mpaka inafurika kwenye soketi. Na wapo mashujaa wa kung'oa. AMD za soketi ya AM4 zina miguu 1,331 kwa chini, na pesti iliyokauka hushika kwelikweli. Ukivuta hitsinki juu kwa nguvu, prosesa inaweza kuja nayo, miguu mingine imepinda. Washa mashine ipate joto kidogo, izime, chomoa waya, zungusha hitsinki taratibu kushoto na kulia, ndipo uinue. Haraka ya nini?

Najua atatokea wa kusema alirudishia pesti ya zamani na joto halikupanda hata digrii mbili. Namwamini. Pesti ikiwa ya jana na hitsinki imeinuka kidogo tu, mtu anaweza kubahatika. Bahati hiyo aijaribu kwenye kompyuta yake. Mimi sabuni ninayobandika ni ya kwangu. Sijaenda kumbandikia jirani, kisha nikamdai ya ufundi.

Basi mafundi wangu, ombi langu ni hili. Mkishainua hitsinki, hata kwa dakika moja, futeni pande zote mbili kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka chuma kionekane. Wekeni tone jipya katikati, kisha kazeni skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Hela ya pesti iandikeni kwenye bili, nitalipa. Na kama imewaishia, semeni mapema. Maduka yako hapo hapo mtaani, nitaifuata mwenyewe.