Ishuke Voi Kufanya Nini?

Tuwapongeze waandishi wa vitabu vile vya kuchekesha ambamo watoto hurudi enzi za kale. Wamemtendea haki mtoto wa Voi. Mary Pope Osborne amewapa Jack na Annie nyumba juu ya mti, ikawapeleka Pompeii kabla ya mlima kulipuka, ikawapandisha hata Titanic. Mtoto wetu sasa anazijua piramidi ndani nje. Ajue nini zaidi?

Wapo wachokozi wanaouliza mbona nyumba hiyo haitui huku kwetu. Itue kufanya nini? Basi la Mombasa lenyewe husimama Voi abiria wanunue ndizi, likaondoka. Historia nayo? Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Salaita karibu na Taveta, wanajeshi weupe kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wamemdharau mtu mweusi, walitimuliwa na askari Waafrika wa Mjerumani, mbio zisizo na adabu. Sasa hapo mtoto atacheka wapi? Na watu wa Kasigau, ambao Mwingereza aliwahamishia Malindi 1915 kwa kuwashuku kuwa wanamsaidia Mjerumani, nao walisafiri kweli, ila si kwa uchawi, kwa hiyo hawahesabiki.

Simba wala watu wa Tsavo ndio walioelewa mambo mapema. Waliuawa 1898, wakawa mazulia nyumbani kwa Patterson, Mwingereza aliyewaua, miaka na miaka, kisha wakauzwa makumbusho ya Chicago, waliko mpaka leo. Mwanao wa Voi akitaka kuwaona, mzazi, anza kushughulikia viza.