Namna ya Kuongoza Miji Ishirini Bila Kulala, au Bila Kuongoza

Sid Meier alipotoa gemu la Civilization mwaka 1991, alimpa mchezaji kazi inayosikika nyepesi: anzisha taifa mwaka 4000 kabla ya Kristo, lilee, lisife. Toleo la nne, lililotoka 2005, hufunguka kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza wa gemu kunyakua tuzo ya Grammy. Wengi hudhani sala imewekwa pale kwa ajili ya utamu wa sauti. Ngoja ufikishe miji ishirini, utaelewa kwa nini serikali hii huanza kazi kwa maombi.

Toleo hilo, kwa mwendo wa kawaida, lina takriban zamu 500. Kila mji una eneo la miraba 21, kila raia hupangiwa mraba wa kufanyia kazi, na kila mji hukaa ukisubiri kuambiwa ujenge nini. Ukiwa na miji ishirini kwa zamu 300 za mwisho, na kila mji ukaupa sekunde kumi tu kwa zamu, umemaliza zaidi ya saa kumi na sita, na hapo hujasogeza askari hata mmoja.

Waundaji waliliona hilo, wakaweka vitufe vya huruma. Kimoja humkabidhi gavana wa mji kazi ya kupanga raia. Kingine humkabidhi ujenzi wote. Cha tatu huwaacha vibarua, wanaoendeleza ardhi kuzunguka miji, wajiendeshe wenyewe. Tangu hapo wachezaji wamegawanyika madhehebu mawili: manyapara, wasiogusa vitufe hivyo abadani, na waheshimiwa, wanaovibonyeza vyote kisha wakaenda kuchemsha chai. Mwongozo huu unahudumia pande zote mbili bila upendeleo.

Njia ya kwanza: kuwa nyapara

*Usimwamini mtu.* Fungua kila mji, kila zamu. Kama hakuna kilichobadilika tangu ulipoufungua mara ya mwisho, hiyo ndiyo sababu ya kuufungua tena: kutobadilika kunatia shaka.

*Jifunze hesabu ya matumbo.* Kila raia hula chakula 2 kwa zamu. Raia aliyekasirika hafanyi kazi yoyote, ila sahani yake ni ile ile. Kwa hiyo nyapara haogopi njaa kama anavyoogopa mji ulioshiba ukapita kiasi, maana kila kichwa kinachoongezeka juu ya kiwango cha furaha ni mdomo bila mikono. Kipo kitufe cha kuzuia mji usikue. Nyapara hukibonyeza, hukizima, kisha hukibonyeza tena, na huita zoezi hilo sera ya idadi ya watu.

*Jua bei ya ghala.* Hapa ndipo utakapotofautishwa na wanaocheza kujifurahisha. Ghala la chakula hugharimu nyundo 60, na nyundo ndiyo sarafu ya ujenzi katika gemu hili. Taifa likishajua kufua shaba, linaruhusiwa kuingia mfumo wa utumwa, na gemu halioni haya kulisema hilo: unatoa raia mmoja, unapata nyundo 30. Mji wenye watu wanne unaweza kutoa wawili, maana hairuhusiwi kuvuka nusu. Wawili mara 30 ni 60. Ghala limesimama. Lakini nyapara wa kweli hatoi mtu siku ile ile anapoagiza ghala, kwa sababu jengo ambalo halijatiwa nyundo hata moja hutozwa zaidi. Anasubiri zamu moja, nyundo mbili tatu ziingie, ndipo ashushe mjeledi. Mji utanuna kwa zamu 10. Andika kwenye daftari tarehe ambayo hasira itaisha, ili usichelewe kuanza upya.

*Nunua daftari la pili.* La kwanza limejaa.

Ukifuata hatua hizi utashinda, hilo halina ubishi. Utashinda saa tisa usiku, macho mekundu, na mtu akikuuliza ulikuwa unafanya nini utamjibu ulikuwa unapumzika. Soren Johnson, aliyeongoza usanifu wa toleo hilo la nne, amewahi kuonya kwamba wachezaji wakipewa nafasi wataukamua mchezo kwa hesabu mpaka raha yote iishe. Nyapara akisikia hivyo hudhani anasifiwa.

Njia ya pili: kuwa mheshimiwa

*Bonyeza vyote.* Mheshimiwa hahitaji kujua miji yake inajenga nini. Akikuta mji wa mpakani, adui yuko langoni, unajenga ukumbi wa maonyesho, atasema serikali yake inajali utamaduni.

*Waachie vibarua nchi.* Kibarua anaweza kujenga kibanda kwenye mraba. Raia akikifanyia kazi kwa zamu 10, kinakuwa kitongoji. Zamu 20 nyingine, kijiji. Zamu 40 juu yake, mji mdogo unaomwaga fedha. Jumla ni zamu 70 za subira. Kibarua anayejiendesha anaweza kufika zamu ya 71, akaona mji mkubwa una upungufu wa chakula, akafuta mji mdogo na kulima shamba juu yake. Hakuna kikao wala notisi ya siku tisini. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuwakataza vibarua wasifute kazi za zamani, lakini mheshimiwa hafungui mipangilio. Ana watu wa kazi hiyo.

*Pokea mgeni yeyote.* Kila mtaalamu, yaani raia unayemtoa shambani na kumweka mjini, huchangia pointi za kuzaliwa kwa mtu mashuhuri wa fani yake. Nyapara aliyeweka wanasayansi watupu anajua nani anakuja. Gavana hujaza nafasi kufuatana na upungufu wa zamu ile: leo kasisi, kesho mfanyabiashara, keshokutwa mwanasayansi. Pointi zikishachanganyika, anayezaliwa ni wa bahati nasibu. Ulipanga mwanasayansi wa kukuwahishia elimu, ameteremka nabii. Mkaribishe. Mpige picha naye.

*Lawama ziende chini.* Mambo yakiharibika, mlaumu gavana. Kasoro kubwa ya gemu hili ni kwamba halina kitufe cha kuunda tume ya uchunguzi.

Kwa nini gavana hukosea

Tumtendee haki kidogo. Gavana si mjinga, na hesabu za mji wake huzipata upesi kuliko wewe. Shida ni kwamba anauona mji tu, mpango wako hauoni. Yuko kama kondakta wa daladala: kazi yake ni kujaza viti, na abiria anawahi wapi hilo si shauri lake. Wewe unajua kuwa baada ya zamu kumi na tano utavamia jirani, hivyo mji huu unataka kambi wala hautaki maktaba. Yeye hajaambiwa, na hakuna kitufe cha kumwambia.

Waundaji wamelizungukia tatizo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2003 Master of Orion III iliwapa magavana wa sayari madaraka makubwa hata wachezaji wengi wakalalamika kwamba wamegeuzwa watazamaji. Civilization ya tano, 2010, ikaleta miji vibaraka: unateka mji, unakula kodi yake, ila huna ruhusa ya kuuchagulia cha kujenga. Ya sita, 2016, ikamfuta kibarua anayejiendesha na kuleta fundi ambaye, bila nyongeza, hufanya kazi tatu kisha hutoweka. Ya saba, 2025, ikaondoa hata huyo, na makazi mengi hubaki miji midogo inayogeuza nguvu zake kuwa fedha mpaka wewe ulipie kuyapandisha hadhi. Gavana mwenye busara hajapatikana. Kilichofanyika ni kupunguza kazi za kumkabidhi, na huenda hiyo ndiyo busara yenyewe.

Kwa wasiotaka dhehebu lolote

Zamu 100 za mwanzo, shika usukani kwa mkono wako. Mlowezi, yule anayeanzisha miji, akitoka zamu tano mapema, mji wa pili unaanza mapema, na huo nao hutoa wa tatu. Faida hiyo huzaana mpaka mwisho wa mchezo. Mji mkuu na mji wa kuzalisha jeshi usimkabidhi mtu kamwe. Mji ulioanzishwa zamu ya 350 kwenye barafu, wenye samaki mmoja na watu watatu, mpe gavana na usiuulizie tena, kwa sababu hata akiuharibu kabisa hutashindwa kwa ajili yake. Vibarua waachie wajiendeshe pale tu utakapokuwa umewakataza kufuta kazi za zamani.

Anayesimamia kila kitu na asiyesimamia chochote wana ugonjwa mmoja: wote wawili wamekataa kuchagua kipi kina uzito. Kuchagua huko ndiko kutawala, na hakuna kitufe kitakachokufanyia.