Wazee wenye Ndege za Povu

Luton, Uingereza

Mjomba,

Mimi mzima, ila masikio sina hakika nayo. Jumapili mzee mmoja ninayefanya naye kazi ghalani alinichukua kwenda Ivinghoe Beacon, kilima ambacho watu wa huku wanakitaja kwa heshima zote. Kina mita 233 kutoka usawa wa bahari. Kwetu Lushoto kingelimwa maharage mpaka kileleni, na jina kisingepewa.

Tulikwenda kurusha glaida: vindege vya povu gumu visivyo na injini, vinavyoongozwa kwa rimoti. Mtoto sikumwona hata mmoja. Watoto wana akili, walibaki ndani. Waliokuwepo ni wastaafu wenye pua nyekundu, kila mmoja kazamisha mikono yote miwili, pamoja na rimoti, ndani ya mfuko mmoja wenye kidirisha cha plastiki juu, ili vidole visigande. Watu hawa hawa, upepo ukivuma siku ya kazi, wanaulaani tangu kituo cha basi hadi mlangoni. Siku ya mapumziko wanajaza gari mafuta kuufuata.

Siri yenyewe ni kwamba upepo ukigonga ubavu wa kilima hauna pa kwenda ila juu. Glaida inashuka muda wote, lakini hewa iliyoibeba inapanda upesi zaidi, basi haianguki. Mwenyeji wangu aliinua yake juu ya bega, akaielekeza upepo unakotoka, akaisukuma. Ikaondoka kimya. Niseme kweli, ilipendeza.

Kisha nikakabidhiwa rimoti. Ikikwenda mbele, kulia ni kulia. Ikigeuka kukurudia, kulia kwako kunakuwa kushoto, na hapo mzee ambaye ghalani hajawahi kunipa zaidi ya "habari za asubuhi" akaanza kunipigia kelele kama kondakta wa daladala. Nilifurahi. Angalau sasa tunafahamiana.

Glaida ya jirani yetu ilipitiliza nyuma ya mgongo wa kilima, ambako hewa inavurugika, ikaingia kichwa chini kwenye kichaka cha miiba. Mwenyewe akaitazama, akasema, "Si mbaya." Sijui mbaya kwao ikoje.

Kulikuwa na mwewe pia, wale wekundu, wanaelea bila kupiga bawa na bila rimoti. Huko tunawafukuza kwa mawe wasituibie vifaranga. Huku Uingereza waliwamaliza karne ya 19, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaleta wengine kutoka Hispania wawaachie kwenye vilima hivi vya Chilterns. Wahamiaji wenzangu, Mjomba, ila wao waliitwa.

Betri zilipoanza kuzidiwa na baridi tulirudi garini kunywa supu. Mzee akanisimulia habari za bwana mmoja wa Yorkshire, Sir George Cayley, aliyetengeneza glaida ya kubeba mtu mwaka 1853. Yeye mwenyewe hakupanda. Alimpandisha mtumishi wake, na familia inasimulia kwamba ni yule mwendesha gari lake la farasi. Akavuka bonde, akatua salama, akaacha kazi papo hapo. Huyo peke yake ndiye niliyemwelewa siku nzima.

Sasa jambo linalokuhusu wewe. Katika maongezi nilimwonyesha mzee picha ya genge la Irente, lile la kwetu linaloangalia nyika ya Wamasai chini kabisa. Supu ikapoa mkononi. Akauliza upepo unapanda kutoka upande gani na saa ngapi. Kufika jioni, ambayo huku ni saa kumi na giza limeshaingia, alikuwa ameshatafuta nauli.

Anakuja Julai, na atafikia kwako. Kibali cha kurusha nimemwambia aombe mwenyewe mapema, maana sitaki ukahojiwe kituoni juu ya ndege ya Mzungu. Hali nyama, anakunywa chai na maziwa baridi, usishangae. Na usimpe kile chumba cha nyuma: ana boksi la mabawa la mita mbili, kona ile halitapita.