Sifa za Mwenye Hasira za Karibu

Mnazi umetungiwa mashairi, lakini benzoili peroksidi, iliyomo ndani ya dawa nyingi za chunusi, haijapata hata salamu. Hutajwa inapolaumiwa tu: imebabua shavu, imechujua taulo la buluu, imelipuka kiwandani. Mashtaka yote yanarudi kwenye jambo moja, kwamba haitulii. Nami nasema ubora wake wote umo humo humo. Molekuli yake ni mapande mawili yanayofanana, yaliyoungwa kwa atomi mbili za oksijeni, na oksijeni kwa oksijeni hazishikani sana: kuzitenganisha hakuhitaji hata nusu ya nishati inayotenganisha kaboni na kaboni. Kiungo hicho kikikatika, kila pande hutoka na elektroni isiyo na mwenzake, likitafuta wa kumnyang'anya. Ndani ya kinyweleo kilichoziba, rabsha hiyo huwaua bakteria wa chunusi, wasiopatana na oksijeni. Antibiotiki wamezizoea, hii bado. Gereji nako, ile dawa nyekundu ambayo fundi wa bodi huikamua kidogo tu na kuikanda ndani ya puti, mara nyingi ni yenyewe. Baada ya dakika chache puti imekauka, anapiga msasa. Kemikali pole ingemwacha na uji hadi jioni.

Watasema inalipuka. Kweli, ikiwa kavu hata msuguano unatosha, ndiyo maana husafirishwa ikiwa imeloweshwa maji. Lakini tazama inavyozaliwa: Brodie wa Uingereza aliitengeneza mwaka 1858 kwa benzoili kloridi na peroksidi ya bariamu, siku hizi viwanda hutumia peroksidi ya hidrojeni na kostiki soda, kwa ubaridi na bila pupa, na pembeni hubaki chumvi na maji. Ni wangapi miongoni mwa wapole wanaozaliwa kwa usafi huo? Watasema pia ilitumika kung'arisha unga, hata China ikaipiga marufuku humo mwaka 2011. Hapo kesi ni ya walaji waliotaka weupe kuliko ngano. Yenyewe ikimaliza kazi ngozini hugeuka asidi ya benzoiki, jamaa wa kihifadhi kilichomo katika soda nyingi.

Kuhusu taulo sina utetezi. Wala usiuache mrija juani, kwa kuwa joto huizalisha benzini, na benzini huleta saratani. Uweke penye ubaridi, anza na ya asilimia 2.5, na ukijipaka usiku, lalia foronya nyeupe.