Mgeni Sumba: Namna ya Kuondoka Bila Deni

Umefika Sumba, kisiwa cha mashariki mwa Indonesia. Dereva amekushusha mbele ya nyumba zilizosimama juu ya nguzo, na mapaa ya nyasi yaliyochongoka kama kofia ndefu. Vizuri. Fuata maelekezo haya na utaondoka salama, ukidaiwa kidogo tu.

Anza na makaburi, maana huwezi kuyakwepa: yako uani, mbele ya milango, mawe mazito yaliyoburutwa na watu kwa kamba. Utaona mazao yameanikwa juu yake, watoto wanaruka, bibi amejipumzisha. Wewe usikae. Bibi ana babu yake mle ndani; wewe una nani?

Kibarazani usipande mpaka ukaribishwe. Ukikaribishwa, kaa hapo hapo. Utaletewa popoo, tambuu na chokaa, na kama umetokea Lamu au Unguja utajiona mwenyeji. Pole. Ninyi mmezoea jani; hawa hutafuna tunda lake, refu na jembamba kama mkia wa panya. Tafuna. Kukataa ni kutangaza ugomvi. Maji yake mekundu tema kupitia upenyo wa sakafu, usimeze. Utameza.

Sasa ndani. Milango ni miwili, wa wanaume na wa wanawake, na hakuna aliyeandika upi ni upi. Nyumba ina ngazi tatu: chini nguruwe na kuku, kati watu, na juu, kwenye giza la paa, Marapu, mizimu ya wahenga, wakilinda vitu vya thamani vya ukoo. Sakafu ni mianzi yenye nafasi, kwa hiyo kinachodondoka hupata mlaji mara moja. Shika simu. Meko yako katikati ya nguzo kuu nne. Usiegemee yoyote: mojawapo ndiyo ya kuzungumzia na wahenga, na mgongo wako utaichagua hiyo hiyo.

Zile pembe za nyati na taya za nguruwe zilizopangwa ukutani usizisifu kama mapambo. Ni daftari. Kila pembe ni karamu au mazishi, na kila karamu ina watu walioleta mnyama na hawajasahau. Baba akifa kabla ya kulipa, mtoto hurithi nyumba pamoja na wanaomdai. Kama huli nguruwe, sema mapema, kabla hajafungwa miguu. Akishachinjwa ni wako, umle usimle.

Kuhusu ndoa, usitanie. Sehemu nyingi za kisiwa, ukoo uliokupa binti huwezi kuugeukia na kuupa wako. Mabinti huenda upande mmoja tu, kama mto. Wanaotoa binti huongeza vitambaa na nguruwe. Wanaopokea hujibu kwa farasi na nyati, na hujibu kwa miaka. Ukimsifu binti wa mwenyeji kwa sauti, wazee watanyamaza wote kwa pamoja. Huko si kukasirika. Wanapiga hesabu.

Siku ya kuaga, mzee atakutundikia begani kitambaa kilichofumwa kwa mkono, chenye rangi ya nili na picha za farasi. Utafurahi, utashika moyo, utapiga picha. Kabla hujapanda gari, kumbuka vitambaa hutoka upande gani na upande wa pili hurudisha nini. Kisha muulize dereva, taratibu, farasi huuzwa wapi.